Mkono Mmoja wa Sweta Yako

Madam amezaa, Risper. Paka wanne, wote wako hai, na mmoja ana doa jeupe kwa pua kama mtoto aliyeshikwa akilamba unga. Amezalia kwangu, Kawangware, ndani ya sanduku ambalo Brenda wangu alilipigilia kwa mikono yake, na amezalia juu ya mkono wa sweta yako. Mkono wa kushoto. Nitakueleza vile ulifika hapo, maana haukufika kwa urahisi, na mtu aliyelipa bei yake si mimi.

Sasa ndiyo nikusalimie. Rafiki yangu, nyar Asembo, binti wa Asembo, habari za huko uliko. Sisi tuko, tunasukuma. Magoti yangu ni yale yale. Laini Saba nilipita juzi, na pale ulipokuwa ukikaangia samaki wako wa mgongo wazi sasa kuna kijana anauza chaja za simu. Ameweka meza yake juu ya lile doa jeusi la mafuta ambalo hata mvua ilishindwa nalo. Nilisimama nikamwangalia, akaniuliza, "Mathe, ni ya pini gani?" Nikamwambia sina simu, na simu ilikuwa inalia ndani ya mkoba wangu.

Chumba chako kimepangishwa. Ni bibi na bwana wapya, watu wapole. Ule ukuta wa mabati kati yake na kile kilichokuwa changu bado una tundu la Madam la kupitia, lakini wameziba na gazeti. Unakumbuka vile ulikuwa ukigonga huo ukuta asubuhi, "Mama Brenda, umeamka ama umekufa?" na mimi najibu, "Nimekufa lakini nataka chai." Huku kwetu ukuta ni wa mawe. Mtu anaweza kukaa siku nzima bila kuulizwa kama amekufa.

Siku ya mwisho pale hospitali hukuniomba mambo makubwa. Ulikuwa umeishiwa na pumzi, unaongea kidogo unapumzika. Ulisema, "Madam asilale nje." Basi. Na mimi, unanijua mdomo wangu, nikajibu kwa sauti mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka: huyo paka atakaa kwangu kama mke wa waziri. Ulicheka kidogo. Ukakohoa. Nikajuta kukuchekesha, halafu baadaye nikashukuru kwamba nilikuchekesha.

Tulikupeleka nyumbani, tukakuzika vizuri, watu walijaa. Hilo usijali.

Kabla ya safari akina mama wa kanisa tulikuwa tumeingia kwa chumba chako, maana mwenye nyumba alikuwa anakitaka. Unajua vile sisi hufanya. Nguo za marehemu hazigawanywi zikiwa na jasho lake, watu watasema nini. Tuliloweka kila kitu. Leso zako, shuka, pazia, mpaka kile kipande cha blanketi alicholalia Madam chini ya kitanda. Nilisugua mimi mwenyewe, Risper, na unajua nikisugua kitu kinajuta. Kamba zilijaa mpaka karibu na reli, nguo zote zinang'aa, na wapita njia waliuliza kuna arusi ya nani. Nilijivunia sana siku hiyo. Nilisema rafiki yangu haondoki akiacha uchafu.

Madam alikuwa amekaa juu ya paa anatuangalia.

Tuliporudi kutoka Asembo nilimwendea. Nilimtia ndani ya gunia kama wazee walivyotufundisha, paka akihamishwa asione njia, nikamzungusha kidogo ili asahau. Boda wa kutupeleka alikataa kwanza, akasema paka ndani ya gunia ni mambo ya wachawi. Nikamwambia mimi ni mama wa kwaya, na nikamwimbia ubeti mmoja pale pale barabarani. Akawasha pikipiki.

Wacha nikueleze nilivyokuwa nimemwandalia, maana ulikufa hujaiona hii nyumba vizuri. Nilimpa kona karibu na mlango, ambapo mgeni akiingia anamwona. Kikapu kipya. Mto wa maroon. Na nikautandikia vitambaa vyangu vya kufuma, vile vyeupe vyenye maua, ambavyo hata pasta akija sitoi vyote. Maziwa kwa bakuli la maua. Jirani walikuja kuangalia, wakasema, "Mama Brenda, huyu paka anakaa vizuri kuliko sisi." Nikasema, naam.

Madam alikataa yote. Alinasa makucha kwenye kitambaa, akaogopa, akakikokota kitambaa chumba kizima mpaka chini ya kitanda, na huko ndiko alikokaa. Maziwa yakamharisha. Mlango ukifunguliwa tu, anateleza kama maji. Anasimama kwenye koridoo analia, akiangalia upande wa barabara. Na alikuwa na mimba tayari, tumbo linaning'inia.

Sasa sikia shida iko wapi. Hii ploti tuliyopanga ni ya Shosho, mama mzee wa hapa hapa, aliyezaliwa Kawangware ikiwa bado shamba. Ana stoo ya mahindi mwisho wa koridoo, na panya wa hiyo stoo ni wakubwa hata wanakohoa. Kila yule mtu wa kipaza sauti akipita, "dawa ya panya, mende, kunguni", Shosho anatoka na shilingi mkononi. Anaweka sumu kwenye vifuniko vya chupa, kuanzia mlango wa stoo mpaka chooni. Nilimwomba aache. Alinijibu akiwa anachambua maharagwe, hakuinua hata macho: "Mimi nilikodisha nyumba kwa mama mmoja na msichana mmoja. Huyo wa mkia sikumpokea kodi."

Paka hahitaji hata kula ile sumu. Akishika panya aliyeila, inatosha. Nilikuwa nimeshaona paka mmoja wa jirani akifa hivyo, akitetemeka kando ya bomba la maji, na sitaki kukuandikia zaidi. Kwa hivyo ukiniuliza nilikuwa naogopa nini, ni hiyo. Nje kulikuwa na kifo ndani ya vifuniko vya chupa, na ndani Madam hataki kukaa. Na mimi nilikuwa nimekuahidi.

Ndipo Brenda akaingilia. Ngoja nimsifu kidogo, hapa hakuna wa kunizuia. Unamjua, ulimbeba mgongoni ukikaanga samaki, mpaka shuleni walimwita Kamongo, kama yule samaki, kwa ile harufu. Sasa ni fundi wa mbao kamili. Pale karakana ni msichana peke yake. Walianza kwa kumtuma chai, lakini siku hizi mteja akitaka kabati lenye droo zinazoteleza vizuri, mkubwa wao anauliza kwanza, "Brenda yuko?" Mimi hupita pale mara kwa mara kana kwamba naenda sokoni. Natembea polepole ili watu wajue ni mama yake.

Alirudi jioni moja, akaangalia kikapu changu, akaangalia vitambaa, akasema, "Mathe, hii umeandalia wageni. Paka hataki kuonekana. Anataka kuona." Nilinuna. Lakini alikuwa amebeba vipande vya mbao, na mtoto akishabeba mbao huwezi kumrudisha.

Akapigilia shelfu tatu kwenye ukuta, kama ngazi, ili Madam apande bila kukanyaga jiko. Ya juu alikuwa ameiweka karibu na paa, halafu saa sita mchana akaweka mkono wake pale chini ya mabati, akautoa haraka. Unajua mabati ya mchana, unaweza kukaanga yai. Akaishusha. Akatengeneza sanduku lenye milango miwili, akaliweka juu yake, akaniambia mnyama asiyekuwa na mlango wa pili hapati usingizi. Nikafikiria chumba chako na changu, vyote mlango mmoja, na tundu la Madam. Dirishani akafunga waya ya kuku, ikakaza, na ubao mpana wa kukalia, ili Madam apate jua na kuangalia barabara yake bila kuifuata. Mchanga kwenye karai mbali na chakula. Maji badala ya maziwa. Mguu wa kitanda changu akauviringishia gunia la kukwaruza, na zile nyuzi na sindano zangu zote zikafungiwa kwa kopo, akasema paka akimeza uzi ni kama amemeza wembe. Sijawahi kuona nyumba ikipangwa upya hivyo kwa ajili ya mtu asiyelipa kitu.

Na bado alilia, Risper. Alipanda shelfu, akanusa sanduku, akashuka, akaenda mlangoni. Nilimkaangia mgongo wazi kama wako. Shosho alikuwa ameniambia, "Huyo analilia samaki, si mtu." Basi aje aone. Samaki alilala hapo mpaka nzi wakamjua. Mbavu za Madam zikaanza kuonekana, tumbo likiwa bado liko chini, na huo ni mwili unaojila wenyewe.

Brenda alikaa sakafuni akamwangalia muda mrefu. Akasema, bila kunitazama, "Hapa hakuna kitu anachokijua. Nyumba inanuka wewe na sabuni. Huna kitu cha Auntie Risper ambacho hakijafuliwa?"

Nikaenda kwa sanduku langu la nguo. Ile leso yako nilipewa, ya njano. Nikaifungua, nikaiweka usoni.

Sabuni.

Nikakaa kitandani. Hiyo ndiyo siku nililia, si kaburini. Kaburini nilikuwa na kazi, kuimba, kupika, kushika watu. Hapo kitandani ndipo nilielewa kwamba tulikuwa tumekufua mzima mzima, tukakuanika, ukaisha. Hata mimi nilikuwa nakutafuta kama huyo paka, ila mimi najua kujifanya.

Ndipo nikakumbuka sweta. Ile ya maroon niliyokufumia mwaka ule wa baridi, uliyokuwa ukivaa mbele ya moto mpaka ikawa haifuliki. Siku ya kugawa haikuonekana. Nilidhani imeibwa kwenye kamba. Brenda akasema, "Ilikuwa kwa kikapu cha Auntie Milka. Nilimwona akiiweka kabla hamjaloweka."

Mdogo wako Milka. Unajua mimi na yeye hatujawahi kupatana sana, anasema mimi hupiga kelele, na ni kweli. Nilimfuata Silanga, pale anapouzia sukuma na mchicha wake chini kidogo ya bwawa. Nilikaa kwenye debe, nikazungukazunguka kwa maneno. Nikanunua mboga ambazo sikuzihitaji. Mwishowe nikasema nimekuja kwa nini.

Aliacha kisu juu ya mboga. Akasema, "Nyinyi mlifua dada yangu mzima mzima. Mlifua mpaka mto. Niliokoa kitu kimoja. Na sasa umetoka Kawangware kuja kukichukua ukampe paka."

Nilisema tu, "Ni mjamzito, na hali."

"Hata mimi sikula. Uliniletea nini?"

Risper, alikuwa na haki. Tulikuwa tumekuimbia wewe, tukalilia wewe, tukamwacha mdogo wako akirudi Silanga peke yake na kikapu. Nilimwambia samahani. Nikasema nitaenda, nitatafuta njia nyingine. Nikasimama, na magoti yangu yakanirudisha kwenye debe, nikasimama tena.

Alikuwa ameshaita jirani amwangalilie mboga. Tukaingia ndani. Akaitoa chini ya godoro, imefungwa ndani ya karatasi ya nailoni, imefungwa tena ndani ya nyingine, na mafundo mawili. Akaniambia huwa anaifungua kidogo tu, siku mbaya tu, halafu anafunga haraka isiishe.

Akafungua. Moshi, mafuta ya samaki, yale mafuta yako ya nywele ya kopo la kijani. Ulikuwa hapo, Risper. Ulikuwa umekaa katikati yetu pale kitandani, umechoka na kazi, unauliza nani ameweka chai. Milka aliweka uso upande mmoja nami upande mwingine, na tukakaa hivyo kama watoto wanaonyonya mama mmoja.

Ni yeye aliyesema. "Mkono mmoja. Lakini hakuna mkasi unaogusa hii sweta."

Nikamwambia hahitaji mkasi, ameletewa fundi. Mimi ndiye niliyeifuma, na mimi ndiye ninayejua nilipouficha ule mwisho wa uzi, ndani ya kwapa, mahali ambapo hata wewe uliyeivaa hukuwahi kupaona. Nikaomba sindano. Nikafungua mshono tundu kwa tundu, bila kukata uzi hata mmoja, na Milka akiwa ameshika bega la sweta kwa mikono miwili kama mtu anayeshika mgonjwa anaposhonwa. Mkono ukatoka mzima. Akaunusa tena. Akaufunga kwa nailoni, akanipa, akageuka ukutani. Akasema niende kabla hajabadilisha mawazo.

Nilifika nyumbani nikauweka ndani ya sanduku la Brenda, kule nyuma, penye giza. Sikuita mtu. Sikumwita hata Madam.

Alitoka chini ya kitanda polepole. Akapanda shelfu ya kwanza. Akasimama, pua juu. Ya pili. Akaingia sandukuni kwa mlango mmoja, nikamsikia akizunguka, akikanda kwa miguu kama mwanamke wa chapati, na ile ngurumo yake ikaanza, ile uliyokuwa ukisema ni mashine ya kusaga ya Sarang'ombe. Brenda alikuwa mlangoni na viatu vya kazi. Tulisimama hapo kama watu walio kanisani.

Jioni hiyo alikula. Kesho yake mlango ulifunguka, akauangalia, akarudi kulala.

Lakini mimi sikutaka kumtegemea Mungu peke yake na vifuniko vya chupa viko nje, na watoto wanakuja. Brenda alimwendea Shosho, si kwa maneno, kwa nyundo. Akamzibia stoo ile. Bati chini ya mlango, bati kwenye kona zote walizotafuna, mbao za kuinua magunia yasiguse sakafu. Shosho aliketi na fimbo yake akimkagua mwanzo mpaka mwisho, akitafuta kosa. Hakupata. Siku zilizofuata alienda kuangalia mahindi yake kila asubuhi, na gunia halijatobolewa. Akaniita. "Huyu msichana ulimzalia wapi?" Nikamwambia Laini Saba, karibu na reli. Akatafuta ufagio, akafagia vile vifuniko vyote mwenyewe, akavitumbukiza chooni, akasema, "Nikiona hata mkia mmoja wa panya, nanunua tena." Mpaka leo hajanunua.

Halafu Madam akazaa, asubuhi na mapema, nikisonga uji. Hakupiga kelele. Nilisikia tu vilio vidogo, kama bawaba zinazohitaji mafuta, na nikajua. Nilimpigia Milka simu nikiwa bado nimeshika mwiko. Akauliza, "Wamelala kwenye mkono?" Nikasema wote wanne, na mmoja ameingia ndani kabisa, kichwa kimetokea pale kiganja chako kilipokuwa kinatokea. Akalia. Lakini kilikuwa kile kilio cha kushusha pumzi. Akasema huyo wa ndani ya mkono ni wake, asipewe mtu mwingine.

Watakaa na mama yao mpaka waachishwe. Watu wameshaanza kuniomba, na nimeweka sheria: hakuna atakayebeba paka kwangu kabla hajanionyesha atalala wapi, na jirani yake anatumia dawa gani ya panya. Wanasema najifanya hakimu. Wacha waseme. Brenda ameshapata oda za masanduku ya milango miwili kutoka kwa watu wa mtaa wa juu, na mimi nimewaambia wote wazo lilianzia kwangu, ingawa lilikuwa lake.

Rafiki yangu, mimi nitakwambia ukweli, bado nakuamkia asubuhi. Nakunywia chai. Leso ya njano siifui tena, naivaa nikipika samaki ili angalau ipate kitu. Pumzika sasa. Usimwangalie Madam, nimemwangalia. Mdogo wako pia simwachi tena peke yake na kikapu chake, hiyo ndiyo ahadi ninayokupa, na hii naitoa bila kupaza sauti. Nitamfumia huo mkono upya, uzi wa rangi ile ile nimeshaupata soko la Gikomba, si sawa kabisa lakini nitaukubali, na yeye atavaa sweta yako nzima kwenye baridi ya Julai.

Lala salama, nyar Asembo.

Wanakuja kuona watoto Jumapili hii, ibada ya pili ikiisha. Akina mama wote wa Laini Saba, na dagaa zao za omena badala ya sukari na unga wa mzazi, Shosho na fimbo yake, na Milka, ambaye hajawahi kukanyaga kwangu. Nimewaambia wavue viatu mlangoni na waongee polepole, kuna mzazi ndani.